Kabla Hajalia

Kilio cha mtoto mchanga kila mtu anakijua. Jirani akikisikia ng'ambo ya ukuta huuliza kama mtoto ameshiba, bibi huuliza kama tumbo limejaa gesi, baba huamka akawasha taa. Katika wodi ya watoto wachanga nilikotumikia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kilio tulikihesabu kuwa habari iliyochelewa. Mtoto hafiki kulia mpaka amekwisha kusema kwa njia nyingine na hakuna aliyemtazama. Tena wapo wasioweza kulia kabisa. Mtoto njiti aliyezaliwa wiki ya 30 hana nguvu za kilio kirefu, na mtoto aliyepata taabu wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa kimya siku nzima huku wageni wakimsifu kwa upole.

Kazi hii nilifundishwa na muuguzi mkongwe, mama wa Kidigo mwenye sauti ndogo, katika hospitali ya mkoa kwenye pwani ya Tanzania. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wanafunzi. Kabla hujamgusa mtoto, alikusimamisha kando ya kitanda, mikono nyuma, akakuambia utazame. Baada ya muda aliuliza, "Anafanya nini?" Tukajibu, "Amelala, mama." "Haya, tazameni tena." Tukitazama tena ndipo tulipoona kwamba midomo imeanza kuingia weusi wa buluu, kifua kimepanda na kushuka upesi mara kadhaa kisha kikasimama kidogo, na vidole vya mkono mmoja vimetanuka vyote, vimekakamaa. Mtoto yule hakuwa katika usingizi wa raha. Alikuwa ametoka kubadilishwa nepi, kutobolewa kisigino ili kupimwa sukari, kupimwa joto na kupitishiwa maziwa kwenye mrija, mambo yote hayo kwa mfululizo na chini ya taa kali. Alikuwa ameelemewa.

Tumboni mwa mama, mtoto yuko gizani na majini, amekunjwa na kubanwa pande zote, joto halipandi wala halishuki, chakula hakikatiki. Kuzaliwa kunamtoa huko kwa saa chache na kumdai papo hapo mambo ambayo hajawahi kuyafanya: avute hewa, ajipashe joto, anyonye, apokee mwanga, kelele na mikono ya watu. Anayepanga yote hayo ni ubongo pamoja na mishipa ya fahamu, ile inayoendesha moyo, pumzi, tumbo na damu ya ngozini bila mtu kuamua. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, mfumo huo uko tayari, ingawa bado hauna mazoea. Njiti amezikosa wiki za mwisho, ambazo ndizo ubongo hukua kwa kasi kubwa, kwa hiyo kwake jambo dogo sana latosha kuuvuruga: mlango uliobamizwa, shuka lililovutwa ghafla, sauti mbili zinazozungumza juu ya kichwa chake.

Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo, nikakuta kwamba wako wataalamu walioyaandika aliyokuwa akituonyesha mama yule. Mwaka 1973 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kipimo cha kutazama tabia za mtoto mchanga, kinachozipanga hali zake kuanzia usingizi mzito, usingizi mwepesi, kusinzia, kuwa macho kwa utulivu, kuwa macho kwa fujo, hadi kulia. Heidelise Als, mwanasaikolojia wa Boston aliyewahi kufanya kazi naye, akaiendeleza fikra hiyo kwa watoto njiti, na mwaka 1982 akaeleza jinsi mwili wa mtoto unavyosema umechoka kwa ngazi: pumzi, moyo na rangi, kisha viungo, kisha usingizi, macho na umakini. Nilifurahi kuyasoma. Nilifurahi zaidi kwamba tulikwisha kuyaona kwa macho yetu, katika wodi isiyokuwa na mashine za kutosha.

Niieleze ngazi hiyo kama tulivyoiona sisi. Vitabu vingi vinasema mtoto anapauka au anafanya mabaka, na hayo yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa watoto wetu tazama midomo, ulimi, fizi, viganja na nyayo. Hapo ndipo rangi inaposema kweli. Pumzi nayo huharakisha, huvutwa kwa kina mara moja kama anayeshusha pumzi, au husimama kidogo. Kisha tumbo linaingia: kwikwi, kucheua, kujikamua na kuwa mwekundu usoni bila kupata choo. Miayo na chafya pia zimo. Hapa wazazi wengi hushtuka wakiniuliza kama kila chafya ni ugonjwa. La hasha. Mtoto hupiga chafya kusafisha pua na hupiga miayo kwa sababu ana usingizi. Alama moja peke yake haina uzito. Linalohitaji kutazamwa ni alama tatu nne zikija pamoja, na zaidi ya hapo, ni kitu gani kilichotokea muda mfupi kabla yake.

Viungo ndivyo vinavyoonekana upesi zaidi. Vidole hutanuka na kukakamaa. Mkono hunyooka mbele, kiganja wazi, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari, na kwa kweli maana yake ni hiyo hiyo. Mgongo hupinda kwa nyuma. Ulimi hutoka nje. Au mambo hugeuka: mwili mzima hulegea, mikono ikaanguka pembeni, na ukimwinua hana ukinzani wowote. Mwisho ni macho. Huyageuza pembeni, huyakodoa pasipo kutazama kitu, au huyafumba ghafla na kuingia katika hali ambayo kwa nje ni usingizi. Hapo amejifunga. Ni njia ya mwisho aliyobaki nayo ya kujikinga na sisi.

Nakumbuka mama mmoja, binti mdogo, uzao wake wa kwanza, mtoto wake njiti amefikisha uzito wa kujaribiwa kwenye kikombe. Binti yule alikuwa na mapenzi tele. Alimkalisha mtoto mapajani, akamtazama usoni, akamwimbia, akampigapiga mgongoni na kumtikisa kidogo kidogo, kikombe kikiwa mdomoni. Mtoto akageuza uso. Mama akamfuata upande ule. Mtoto akapata kwikwi, maziwa yakatoka puani, mkono ukanyooka. Yule binti akaniangalia machozi yamemlengalenga. "Sista, mwanangu hanitaki."

Maneno hayo nimeyasikia kwa mama zaidi ya mmoja, na sijui kama kuna maneno mazito kuliko hayo katika wodi ile. Nilikaa naye. Nikamwambia, "Mwanangu, anakutaka, ila umempa vitu vinne kwa mara moja naye ana nafasi ya kimoja." Tukafunga pazia upande wa dirisha. Tukamkunja mtoto, magoti yakaja tumboni, mikono ikaja karibu na mdomo, tukamzungushia khanga. Mama akaacha kuimba, akaacha kumtikisa, akaweka kiganja kimoja kichwani na kingine kwenye nyayo, bila kusugua, mikono imetulia tu. Tukangoja. Pumzi zikashuka. Ngumi ya mtoto ikafika mdomoni akaanza kuinyonya. Kisha akafumbua macho, akautafuta uso wa mama yake, akautazama. Ndipo kikombe kikarudi, na safari hii maziwa yalikwenda.

Kwa binti yule, tangu siku hiyo, kugeuza uso hakukuwa tena kukataliwa. Alijua mtoto anaomba muda. Nimeona jinsi ujuzi huu mdogo unavyowatuliza akina mama kuliko maneno yetu mengi ya faraja, na ndiyo sababu ninaamini kila mzazi anapaswa kuonyeshwa alama hizi kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, kama anavyoonyeshwa kusafisha kitovu.

Mtoto mwenyewe huonyesha pia anavyojisaidia, nasi kazi yetu ni kumwezesha. Kupeleka mkono mdomoni, kunyonya, kushika kidole au ukingo wa nguo, kutafuta kitu cha kukanyagia miguu, kujikunja: hizo zote ni juhudi za kujituliza. Ndiyo maana glovu zile za kitambaa tunazowavisha watoto wasijikwaruze sizipendi sana. Kata kucha, uuache mkono ufike mdomoni.

Kuliko yote hayo kuna kifua cha mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu wodi ilijaa na mashine za joto zilikuwa chache. Huo ndio mwanzo wa kubeba mtoto kwa mtindo wa kangaruu. Kwa muda mrefu watu waliuona mtindo huo kuwa mbadala wa maskini. Matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani yaliyochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, yaliwanyamazisha: watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja kwanza hali zao zitengemae, walikufa wachache zaidi kwa kiasi cha robo. Mwaka uliofuata shirika hilo likaelekeza hivyo, mtoto akae kifuani kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Mimi sikuhitaji takwimu ili niamini. Nilikuwa nikimtoa njiti kitandani, kifua kinapanda mbio, vidole vimetanuka, nikamlaza wima kati ya matiti ya mama yake, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili koo lisijikunje, miguu imekunjwa mithili ya chura, kofia kichwani, khanga imefungwa imara mpaka usawa wa sikio. Kisha nikasimama pale pale, mikono nyuma. Rangi ilirudi midomoni kabla sijaondoka. Kina baba pia wanaweza, ingawa wengi huona haya mwanzoni. Nimemwona mvuvi mmoja, mtu wa mwili mkubwa, amekaa na njiti wake kifuani tangu adhuhuri hadi magharibi akikataa kuinuka.

Yako mambo ya upande wa pili, pale alama hizi zinapokuwa za ugonjwa, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Binti yangu alijifungua mtoto aliyetimiza miezi, mkubwa, lakini uchungu ulikuwa mrefu na mtoto alitoka hana pumzi. Wakunga walimkausha, wakamsugua mgongo, na alipokuwa bado kimya wakampulizia hewa kwa mfuko na barakoa mpaka akavuta mwenyewe. Wamefunzwa hivyo: dakika ya kwanza haipotezwi. Mafunzo hayo ya kumsaidia mtoto apumue yalipojaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013. Mjukuu wangu ni mmoja wa watoto wanaodaiwa uhai wao na mikono iliyofunzwa hivyo.

Jioni ile ndugu walikuja kumwona. Mtoto alikuwa macho, macho makubwa, hayapepesi. Shangazi yake akafurahi: "Huyu mjanja, anatazama watu tangu leo!" Kila mlango ulipogonga alirusha mikono yote miwili. Kidevu kilitetemeka. Hakuwa amelala tangu alipozaliwa. Mimi nilijua ninachokitazama, na daktari wa zamu alijua pia. Alikwisha kuandika kwamba achunguzwe kila baada ya saa chache. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuonyesha hivyo: kuwa macho kupita kiasi, kushtuka kwa jambo dogo, kutetemeka. Tangu mwaka 1976, Harvey na Margaret Sarnat walipozigawa hali hizi katika ngazi tatu, madaktari wanajua kwamba ngazi hii ya kwanza kwa kawaida hupita ndani ya saa 24 na mtoto hubaki salama. Ngazi ya pili ni tofauti. Mtoto analegea, anakuwa mzito wa usingizi, ananyonya kwa udhaifu, na degedege huingia. Ya tatu haamki kabisa. Kwa hiyo usiku ule tulizima taa, tukawaomba ndugu warudi siku nyingine, mtoto akawekwa kifuani kwa mama yake, na kazi yetu ilikuwa kuangalia anaelekea wapi. Alfajiri alilala usingizi wa kweli. Alipoamka alinyonya kwa nguvu.

Kutetemeka kwake kulimtia hofu binti yangu, nikamfundisha jambo ambalo kila mzazi anaweza kulifanya. Mkono wa mtoto ukitetemeka, ushike kwa upole, uukunje. Ukitulia ndani ya kiganja chako, ni mtetemeko tu. Hata hivyo mnyonyeshe, na kama unarudia rudia apimwe sukari, kwa maana sukari ikishuka hutetemesha pia. Ukiendelea kuruka kwa mapigo ndani ya kiganja chako, hiyo ni degedege. Na degedege ya mtoto mchanga haifanani na ile tunayoijua kwa watoto wakubwa wenye homa, ya mwili mzima kukakamaa na kutupwa. Ubongo wake haujakomaa kufanya hivyo. Yeye hutafuna hewa, hulamba midomo, macho huvutwa upande mmoja, miguu huzunguka kana kwamba anaendesha baiskeli, au pumzi hukatika tu. Wazee wakiona hayo husema ni mchango, na mtoto hupelekwa kufukizwa na kuchanjwa chale huku saa zinakwenda. Nawaheshimu wazee wetu, lakini hapa nasema waziwazi: mtoto huyo ni wa hospitali, na aondoke sasa hivi.

Siku ya akika ya mjukuu wangu nyumba ilijaa, kama ilivyo ada. Udi ulifukizwa, maulidi yakasomwa, mtoto akapita mikono hata sikuijua idadi, kila mmoja na simu yake inayopiga picha kwa mwanga. Nilimfuatilia kwa macho kutoka jikoni. Alipata kwikwi, akapiga miayo, akageuza uso kwenye bega la kila aliyemchukua. Kisha akanyamaza, macho yamefungwa, mkono umening'inia. "Mashaallah, mtoto mpole," akasema mmoja. Nikanawa mikono, nikamchukua, nikaingia naye chumbani kwa mama yake, mlango ukafungwa. Hakuna aliyekasirika nilipoeleza. Watu wetu wanampenda mtoto. Wakiambiwa amechoka, wanaelewa. Na nikakumbuka jinsi waliotutangulia walivyomweka mzazi ndani siku arobaini, chumba kina giza kidogo, anayeingia ni bibi au somo tu. Desturi ile ilikuwa na akili nyingi. Tumeilegeza upesi, na tulichoweka badala yake ni televisheni na foleni ya wageni.

Kinachotenganisha uchovu na ugonjwa ni kurudi. Mtoto aliyeelemewa, ukimpunguzia mwanga, kelele na mikono, ukamweka kifuani, baada ya muda hurejea: rangi yake, pumzi zake, hamu yake ya titi. Mgonjwa harejei. Mgonjwa ni asiyenyonya au aliyeacha kunyonya. Anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5, asiyejitikisa mpaka aguswe, au asiyejitikisa kabisa, mwenye degedege, mwenye manjano iliyofika viganjani na kwenye nyayo. Mmojawapo akitokea, hakuna cha kungoja kesho, hakuna dawa ya duka wala maji ya majani yaliyochemshwa.

Mwaka 2025 Tanzania ilibadili sheria ya ajira, na mama mwajiriwa aliyejifungua njiti sasa huongezewa likizo mpaka mtoto afikie wiki 40 ambazo angetimiza tumboni. Ni hatua kubwa, nami naipongeza kwa moyo wote. Lakini mama wengi niliowahudumia hawakuwa na mwajiri. Walikuwa wakikaanga samaki, wakilima, wakiuza mihogo barabarani, na wakiondoka kifuani kwa mtoto ni kwa sababu watoto wengine nyumbani hawajala. Hao wanahitaji mume, mama mkwe, wifi na jirani wachukue zamu, wapike, wabebe hata mtoto kifuani.

Na kwenu wauguzi wenzangu mlio kazini, ombi langu ni moja. Mama akija usiku akakwambia, "Sista, mtoto wangu leo hayuko kama jana," usimrudishe kwa kumwambia ni wasiwasi wa uzazi wa kwanza. Mvue mtoto nguo, simama kando, mtazame kwa dakika nzima kabla hujaandika chochote kwenye kadi yake.